Mwaka wa tano nasubiri kupimwa ADHD Uingereza: foleni inatuharibu au tunajitetea?

#1 Kifaru_Coventry
Wakuu, habari za wikiendi. Nipo Coventry mwaka wa kumi na moja, kazi ghalani, zamu ya usiku.

Mwanzoni mwa 2021 tulimpeleka mwanangu kupimwa ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia na kushika jambo moja. Daktari anauliza: anaanza vitu hamalizi? Anapoteza vitu? Anadakia watu kabla hawajamaliza kusema? Maswali yanamhusu mtoto, lakini mke wangu ananitazama mimi. Mwezi uliofuata nikaenda kwa GP, yaani daktari wa kawaida wa mtaa, nikajaza ile karatasi ya maswali sita, akasema nina dalili za kutosha, akaniombea miadi. Kuanzia hapo kimya.

2023 ikaja barua: je, bado unahitaji huduma? Jibu ndani ya siku 21, usipojibu tunakuondoa kwenye orodha. Niliisoma nimesimama jikoni na koti mwilini. Nikaiweka juu ya mikrowevu ili nisiisahau. Nilipokuja kuiona tena ilikuwa wiki ya sita, ina duara la kikombe cha chai katikati. Kupiga simu naambiwa nimeshatolewa, nianze upya na GP. Nikaanza upya, na hadi leo nasubiri.

Katika muda huo nimevuliwa usimamizi wa zamu, nimepewa barua mbili za onyo, nina mkopo nisioweza kueleza ulikwenda wapi, na mama watoto ameacha kunigombeza, jambo ambalo linanitisha kuliko alipokuwa anagombeza.

Swali langu: kuna mwingine kakaa foleni hii muda mrefu? Kusubiri kwenyewe kumemfanya nini? Au ndiyo najitafutia kisingizio?

#2 Babu_Tena
Haya ni maradhi ya TikTok. Darasani tulikuwa watoto 70, mwalimu mmoja, bakora moja, na wote tulitulia. Nenda kalale mapema, acha simu.

#3 NgojaNirudi
Uzi mzito huu. Naweka kambi hapa, nitarudi jioni kuchangia kwa kirefu. Yamenikuta.

#4 DadaNesi
Pole mleta uzi. Mimi ni nesi huku England, siyo upande wa akili, lakini mdogo wangu kapitia.

Babu #2, kwa watu wazima hapa huduma hii ni changa mno. Mwongozo wa kitaifa wa NICE, chombo kinachoelekeza matibabu, uliosema wazi kwamba ADHD inaendelea hadi utu uzima ulitoka 2008. Kabla ya hapo ukishafikisha miaka 18 mara nyingi ulihesabika umepona. Kliniki chache zilizofunguliwa zilipangiwa watu wachache, halafu wakaja waliokuwa watoto miaka ya 80 na 90, wote kwa mpigo. Machi 2025 NHS, huduma ya afya ya umma, walikadiria watu wazima 549,000 England wanasubiri kupimwa. Mwaka mmoja nyuma walikuwa 416,000.

Kwa hiyo Kifaru hauko peke yako, ingawa najua hilo halikusogezi mbele.

#5 Hesabu_Kali
Dada, marekebisho kidogo. Hiyo 549,000 ni ya watu wote, watoto wamo. Tena ni "hadi 549,000", makadirio, si hesabu ya kichwa kwa kichwa. Ongezeko ni la kweli, ila tusilibebeshe zaidi ya uzito wake.

#6 DadaNesi
Asante #5, ni kweli. Nimeandika nikiwa kwenye basi.

#7 MamaTausi
Nimesoma bandiko la kwanza nikainuka kwenda kuangalia juu ya mikrowevu yangu. Sitanii.

Mimi nipo Leicester. Nilisubiri miaka minne na miezi. Kilichoniharibu hakikuwa siku zenyewe, ni kile ulichopewa ushike wakati unasubiri. Kila nikienda nalia kwa GP, napewa dawa ya sonona. Haisaidii, inapandishwa. Halafu nyingine. Nikawa mtu mzito, nimetulia, lakini bado nasahau kumchukua mtoto shule. Sasa ni mzito NA nimesahau. Ndugu zangu wakaanza kuamini mimi ni mvivu, na ubaya ni kwamba nikakubaliana nao. Wanawake tunachelewa kujulikana kwa sababu haturukiruki. Fujo zetu zimo ndani ya kichwa.

Mwisho nikalipa binafsi, pauni 850, kwa kadi ya mkopo. Nikapimwa siku moja, ninayo. Nikapeleka ripoti kwa GP wangu nikidhani nimemaliza. Akasema haikubali.

#8 Kifaru_Coventry
Haikubali kivipi mama Tausi? Si daktari kapima?

#9 MamaTausi
Kuna makubaliano ya kuhudumia mgonjwa kwa pamoja: bingwa anaanzisha dawa, ikishatulia GP anachukua uandikaji. GP halazimiki kukubali, na wengi hawakubali ripoti za kliniki binafsi. Ukikataliwa unabaki unalipa mwenyewe dawa na cheti cha kuandikiwa dawa kila mwezi. Mimi nililipa miezi saba, nikaacha. Kwa hiyo ninayo karatasi inayosema nina ADHD, ipo kwenye droo, pamoja na chaja ambazo hazina simu.

#10 MgosiWaTanga
Mgosi Kifaru, mbona unajitesa? Kuna haki ya kuchagua, wanaiita Right to Choose. Mtu yeyote Uingereza anaweza kumwambia GP ampeleke kliniki nyingine yenye mkataba na NHS, hulipi hata senti. Mimi nilisubiri miezi tisa tu.

#11 MbwaMwitu_Glasgow
#10 unasema "Uingereza" unamaanisha England. Scotland haki hiyo hatuna. Wales na Ireland Kaskazini nao hawana. Sisi ukiwekwa foleni ya eneo lako ndiyo hiyo hiyo, na kuna maeneo yalishafunga mlango kabisa kwa watu wazima.

Faida yetu moja: dawa ukizipata ni bure. England mnalipa pauni 9.90 kwa kila dawa kwenye cheti.

#12 MgosiWaTanga
Nimekosea, samahani Glasgow. Ila kwa Kifaru aliye Coventry ushauri unasimama. Na nikiri kitu: kupimwa ilikuwa miezi tisa, halafu nikagundua kuna foleni ya pili ya kuanzishiwa dawa. Dozi inapandishwa kidogo kidogo, wanapima mapigo ya moyo na presha. Huko nilikaa mwaka mzima. Nilinunua mashine ya presha mapema kwa furaha, betri zikaisha kabla sijaitwa.

#13 Babu_Tena
Kwa hiyo kuna foleni ya kwenda kwenye foleni. Wazungu bwana.

#14 Mpemba_Halisi
Assalaam alaykum. Mimi nina nadharia yangu, mnipige mawe baadaye.

Skuli nilikuwa natolewa nje kila siku, lakini maisha hayakunishinda. Kwa nini? Kwa sababu sikuwa nakumbuka kitu mimi. Bibi ananiamsha, dada ananiambia nguo ziko wapi, rafiki ananipitia, adhana inanigawia siku mafungu matano. Bili ya umeme mtu anakuja mlangoni. Nikisahau, kuna watu kumi hawajasahau. Nyumba nzima ilikuwa kalenda yangu.

Nimekuja huku, chumba kimoja, kila kitu barua. Kodi ya baraza barua, bima barua, skuli ya mtoto barua pepe. Fomu ya kodi usipotuma hadi Januari 31, faini pauni 100. Ndipo nikaanguka. Basi mimi nauliza: ni ugonjwa ulioanza, au ni magongo yaliyoondolewa?

#15 MamaTausi
Mpemba umenigusa. "Magongo yaliyoondolewa". Ila huyo dada aliyekuwa anajua nguo zako ziko wapi, je, kama mwenye ADHD alikuwa yeye? Nani alikuwa gongo lake?

#16 Mpemba_Halisi
Hapo umenipata. Dada alikuwa anaunguza wali kila wiki na kupigwa kwa hilo. Sikuwahi kufikiria.

#17 Njoro_wa_South_B
Wadau wa ng'ambo, poleni. Huku Nairobi hii maneno ya foleni hatuna. Nilipiga simu kwa daktari wa akili Jumatatu, Alhamisi nikaingia. Kitu kinakukwamisha ni pesa tu. Dawa nazo, unazunguka maduka matatu manne ya dawa ukiulizia, mengine wanakuangalia kama mtu wa kutafuta mihadarati. Nilitumia miezi mitano nikawacha, karo ilifika.

#18 Chausiku_Mbagala
Mtaani kwetu foleni haipo kwa sababu mlango wenyewe hatuujui. Kaka yangu ana miaka 41, kazi kumi na mbili, ndoa tatu. Jina lake la kitaalamu ni "huyo naye".

#19 Babu_Tena
Chausiku umenichekesha, chai imenipalia.

#20 Fundi_Saa
Nitachangia jambo ambalo sijaona limetajwa.

Ukifika mbele ya foleni, hawapimi ulivyo leo tu. Lazima dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane sehemu zaidi ya moja, nyumbani na kazini kwa mfano. Wanataka mtu aliyekujua utotoni, au ripoti za shule.

Nilipoandikishwa kwenye foleni 2019 mama alikuwa mzima, Moshi, anakumbuka kila kitu. Nilimwambia kwa simu kuna siku madaktari watakuuliza habari zangu. Kwanza akakasirika: mwanangu si kichaa, nani kasema? Baadaye akapenda. Akawa akipiga simu anaanza, "Nimekumbuka lingine la kuwaambia madaktari wako." Siku niliyopanda juu ya paa la kanisa kufuata tiara. Siku niliyotumwa chumvi nikarudi saa kumi na mbili jioni na mbwa.

Mama alifariki 2022. Miadi yangu ilikuja 2024. Kwenye fomu kuna kisanduku: jina la mtu anayeweza kuthibitisha utoto wako. Nilikaa na hiyo fomu siku nne.

#21 Kifaru_Coventry
Pole sana Fundi. Mungu ampumzishe mama.

Ilikuwaje, wakakupima?

#22 Fundi_Saa
Asante mkuu. Shangazi alipekua sanduku akapata ripoti mbili za shule ya msingi. Darasa la tatu mwalimu kaandika: "Ana akili ila hayupo darasani hata akiwepo." Nilimtafsiria daktari, akaniomba nirudie mara mbili aandike. Nimepata majibu: ninayo.

#23 DadaNesi
Huyo mwalimu alimaliza kazi mwaka huo huo, bure.

#24 Kijiti
Mimi nataka kusema kweli ambayo wengi wataificha. Wazee wetu wa Kiyemeni, Kisomali, Kikenya, walijitibu kwa mirungi. Unakaa kitako masaa sita umetulia, unaongea jambo moja hadi mwisho. Baba yangu Sheffield alikuwa anashonea watu nguo akiwa na kifurushi chake. Foleni ya nini wakati mti upo sokoni?

#25 Hesabu_Kali
Haupo sokoni tangu Juni 2014, imepigwa marufuku Uingereza. Utafungwa, mkuu.

#26 DadaNesi
Na tusishauriane hivyo hata pale inapouzwa halali. Presha, usingizi, meno, moyo. Lakini Kijiti kagusa jambo: watu wanaosubiri hawakai bure. Nawaona wodini. Kahawa vikombe nane, vinywaji vya nguvu, pombe ya kulazimisha usingizi, bangi, kamari za simu. Miaka minne ya kujitibu hivyo, ukifika kupimwa daktari haoni tena ADHD peke yake, anaona fundo la nyuzi. Ndipo anasema acha hiki kwanza miezi sita halafu turudi. Foleni imeongezeka.

#27 Kijiti
Sijashauri, nimesimulia. Baba mwenyewe kafa na meno matatu.

#28 Mwana_wa_Mto
Hii foleni inaua kabisa, siyo maneno. Kuna utafiti wa UCL, chuo kikuu cha London, Januari 2025: wanawake wenye ADHD wanaishi miaka 8.64 pungufu, wanaume 6.78. Wanatuua taratibu kwa barua.

#29 Hesabu_Kali
Taratibu ndugu yangu. Utafiti huo upo, lakini haukupima foleni. Uliangalia rekodi za watu zaidi ya 30,000 ambao TAYARI wamethibitishwa, ukawalinganisha na wasio na ADHD. Na watafiti hawakusema ADHD yenyewe inaua, walielekeza kidole kwenye mambo yanayozuilika kama sigara, pombe, na magonjwa yasiyotibiwa. Ambao hawajapimwa hawamo humo. Inawezekana hali yao ni nafuu kwa sababu dalili zao ni nyepesi, inawezekana ni mbaya zaidi kwa sababu hawatibiwi.

#30 Mwana_wa_Mto
Wewe #29 kila ninachoandika unakuja na rula.

#31 Hesabu_Kali
Mke wangu analalamika hivyo hivyo.

#32 Zuhura_M
Niongeze yangu. Nilifika mbele ya foleni vuli ya 2023. Miaka mitatu ya kusubiri, nikapimwa, nikaandikiwa Elvanse, dawa ya ADHD. Septemba ile ile serikali ikatoa tahadhari ya nchi nzima kwamba dawa za ADHD zimepungua, na wagonjwa wapya wasianzishiwe. Nikarudishwa kwenye kiti nilichotoka kuinuka.

Nilipozipata hatimaye, siku ya kwanza niliosha vyombo, nikafuta meza, nikakaa. Nikasema, kumbe watu wengine wanaishi hivi kila siku? Halafu nikalia kwa hasira. Siyo furaha. Nilihesabu: chuo nilichoacha, kazi mbili, uchumba. Vyote vilianguka ndani ya miaka ileile mitatu. Hakuna anayeniambia vingebaki, lakini hakuna anayeniambia visingebaki.

#33 Babu_Tena
Nauliza tu, si kwa ajili yangu. Haya mambo yanarithiwa?

#34 DadaNesi
Sana, Babu. Tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi kwenye asilimia 70 hadi 80. Ndiyo maana wazazi wengi wanajigundua kupitia watoto, kama Kifaru.

#35 Babu_Tena
Ni jirani yangu.

#36 MgosiWaTanga
Msalimie jirani, Babu. Mwambie alale mapema aache simu.

#37 Mzee_wa_Mkataba
Nimechelewa kuuona uzi. Kifaru, hizo barua mbili za onyo zinaniuma. Watu wengi wanadhani bila karatasi ya daktari mwajiri hana wajibu. Si kweli. Sheria ya Usawa ya 2010 haiulizi jina la ugonjwa, inaangalia athari: je, ni kubwa, je, imedumu au itadumu miezi 12 au zaidi. Andika barua kwa mwajiri sasa hivi, sema uko kwenye foleni tangu lini, omba marekebisho: maagizo kwa maandishi, orodha ya kazi ya zamu, sehemu isiyo na kelele. Upo pia mfuko wa serikali wa Access to Work, nao hautaki uwe umeshapimwa.

Ukweli ni kwamba nao wana foleni yao. Ila ingia.

#38 Kifaru_Coventry
Mzee, hilo sikulijua. Miaka yote nilikuwa nasema moyoni, nikishapimwa ndipo nitaongea na bosi. Nikishapimwa ndipo nitamwambia mama watoto. Nikishapimwa ndipo nitashika ule mkopo. Maisha yote nimeyaegesha.

#39 MamaTausi
Hilo neno, kuegesha. Mimi niliegesha hadi kumpigia mama yangu.

#40 Mkaguzi_Mkuu
Mtanisamehe, naona mnaitazama foleni kama mvua, imeshuka tu. Foleni ni pesa. Eneo linalipia wagonjwa idadi fulani kwa mwaka, wakija mara tano yake hakuna wa kuwaona. Halafu wale wa kliniki binafsi wananeemeka na uhaba. BBC kwenye kipindi chao cha uchunguzi, Panorama, cha Mei 2023 walionyesha mtu anapimwa kwa video na kupewa jibu la ndiyo haraka haraka, wakati hospitali ya umma ilimpima zaidi ya masaa matatu ikasema hana. Ndiyo maana GP hawaamini ripoti, na anayeumia ni mama Tausi aliyelipa kwa nia njema.

#41 Zuhura_M
Kipindi kile kilikuwa na mapungufu yake mkuu. Kuna wenzetu wana majibu halali kabisa ila baada ya hapo wakaanza kutazamwa kama wamenunua cheti.

#42 Mpemba_Halisi
Na wasio na ADHD waliokaa foleni miaka mitano wakiamini wanayo? Nao wapo. Kumbe tezi, kumbe usingizi, kumbe msiba. Hao wamepoteza nini?

#43 DadaNesi
Mpemba, hilo ni swali zuri kuliko majibu yetu yote. Mdogo wangu ndiye huyo. Alikuwa na tatizo la kupumua usingizini. Miaka mitatu kwenye foleni isiyo yake.

#44 NgojaNirudi
Nimerudi. Samahani niliposema jioni ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Swali: hivi kuna njia yoyote ya kuhama foleni bila kulipa?

#45 MgosiWaTanga
Soma #10, kisha #11. Kisha nenda kwa daktari haraka, wewe huhitaji hata kupimwa.

#46 Kifaru_Coventry
Wakuu asanteni. Nimempata GP kwa simu, amekubali kunipeleka kwa haki ya kuchagua. Kanitumia fomu kurasa kumi na moja, mwisho Ijumaa. Nimeanza ukurasa wa kwanza.

#47 Fundi_Saa
Usiiweke juu ya kitu chochote. Jumanne saa nne asubuhi nitakuuliza hapa hapa.

#48 Fundi_Saa
Mkuu, ni Jumanne, saa nne. Fomu?

#49 Kifaru_Coventry
Ukurasa wa nane. Wanataka jina la mtu aliyenijua utotoni. Mama yuko kwenye simu sasa hivi, anasimulia ya punda wa mjomba, na naandika kwa mkono mwingine.